Hoteli ya Mgeni wa Miezi Mitatu

Mgeni wa siku mbili huchagua hoteli kwa kitanda. Mgeni wa miezi mitatu hana budi kuangalia jiko. Wengi wanaokwenda kukaa Kigali hukimbilia katikati ya mji, Nyarugenge. Kwa maoni yangu, yule ambaye kazi yake haimlazimishi kwenda mjini kila asubuhi aanze kutafuta Busanza, katika sekta ya Kanombe, wilaya ya Kicukiro.

Ni kweli kwamba mtaa huo uko mbali na mji, na kwamba uwanja wa ndege uko karibu. Kwa hiyo alale kwanza usiku mmoja, afungue bomba alfajiri, aulize bei ya mwezi na nani atakayelipia umeme, ndipo apatane.

Wahenga walinena: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nchini Rwanda jembe hilo lipo: Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi wakazi hutoka asubuhi kwa umuganda, kazi ya pamoja. Asiye na jirani wa kufuatana naye siku hiyo atabaki mgeni miezi yote mitatu, hata hoteli yake iwe nzuri namna gani.