Mkeka wa Kununua, Alama za Kuiba

Kila muhula unapokaribia kwisha hapa Uganda, wauzaji wa mikeka na vikapu hupata wateja wa namna ya pekee: wazazi wenye haraka. Hawaulizi kama mkeka utadumu. Huuliza kama upo mdogo, wa bei nafuu, ambao mtoto ataupeleka shuleni kesho kuwa kazi yake ya mikono. Siku ya maonyesho, mkeka huohuo hutundikwa ukutani ukiwa na jina la mtoto. Wageni hupiga makofi, na mwalimu huandika alama.

Mimi ni mwalimu, nami nimewahi kuandika alama hizo nikijua ninachokifanya. Kwa hiyo siwanyoshei wengine kidole peke yao. Nasema tu kwamba huu ni udanganyifu, na wanaoufundisha ni sisi watu wazima.

Wa kwanza kuibiwa ni mtoto. Mtaala wa sekondari ya chini ulioanza mwaka 2020 unamtaka mwanafunzi afanye mradi, si aulete. Mkeka una hatua zake: ukindu hukatwa, huanikwa, huchanwa, hutiwa rangi, husukwa ukawa ukili, kisha kili hushonwa pamoja. Anayezipitia hatua hizo hujifunza kupima, kuhesabu, kusubiri, na kufumua pale alipokosea. Anayekabidhiwa mkeka uliokamilika hujifunza jambo moja tu: kwamba fedha za mzazi zaweza kusimama mahali pa jasho lake.

Wa pili kuibiwa ni msusi, kwa maana jina lake hufutwa. Tazameni kitambaa cha gome la mutuba, fahari ya Buganda. Mwaka 2008 UNESCO iliingiza utengenezaji wake katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Kilichoheshimiwa pale ni ujuzi: kuambua gome wakati wa mvua, kulifunika shina kwa majani ya migomba ili mti usife, na kuligonga gome kwa nyundo za mbao mpaka lilainike. Dunia imemheshimu mjuzi. Sisi shuleni tunakipamba kitu na kumficha aliyekitengeneza. Wahenga walinena: Mgala muue na haki yake mpe.

Wa tatu kuibiwa ni taifa. Tunalalamika kila siku juu ya wafanyakazi hewa wanaolipwa mishahara na barabara zilizokamilika kwenye karatasi tu. Je, mtu hujifunza wapi kutia jina lake kwenye kazi asiyoifanya? Samaki mkunje angali mbichi, nasi tunamkunja kuelekea upande mbaya.

Wapo watakaosema, "Tukinunua, msusi hupata riziki." Ni kweli. Basi nunueni mkeka, mtandike nyumbani, mkalie. Hakuna anayewakataza. Kinachokatazwa ni kuugeuza kuwa alama za mwanafunzi. Wengine watasema mtoto wao atakuwa daktari, hana haja ya kusuka. Nawauliza: daktari wa upasuaji hushona kwa nini, kama si kwa mikono?

Dawa ipo, wala si ghali. Kazi ifanyike shuleni, mbele ya mwalimu, kwa vitu vilivyo karibu: mpira wa majani makavu ya migomba, kamba ya katani, ufagio, kikapu kidogo. Msusi wa kijijini aalikwe afundishe, alipwe kwa muda wake, na ajulishwe kwa wanafunzi kwa jina. Siku ya maonyesho, kila kitu kiwe na kibandiko chenye majibu ya maswali matatu: nani amekitengeneza, kwa vitu gani, na kwa muda gani? Kikapu kilichopinda kikubaliwe, mradi kimepindwa na mwenyewe.

Nawe mwanafunzi unayesoma haya, usingoje shule ibadilike. Muhula huu, mzazi akikuletea mkeka kutoka sokoni, mshukuru kwa heshima, kisha mwambie: "Samahani mama, naomba uniletee ukindu." Ukili wako wa kwanza utakuwa mbaya. Upeleke vivyo hivyo, na mwalimu akikuuliza umeusukaje, utakuwa na la kumjibu.