Wafungashaji wa Programu si Madalali

Mwandishi aliyedai kwamba wafungashaji wa Debian, wanaoandaa programu za watunzi kwa ajili ya mfumo huo wa kompyuta, ni madalali tu, na kwamba kila mtunzi ampelekee mtumiaji programu yake moja kwa moja, amepotoka. Ametukumbusha mwaka 2006, pale rekebisho la Debian kwenye OpenSSL, programu ya usimbaji fiche, lilipodhoofisha funguo za siri hadi 2008. Ni kweli, na kosa lilikuwa zito. Lakini dawa yake ni kuongeza macho ya wakaguzi, si kuyaondoa.

Tazama xz, programu ya kubana data. Mwaka 2024, toleo la 5.6.0 lilitolewa na msimamizi mwenye mamlaka ya kutoa matoleo, likiwa na mlango wa siri ndani. Kwa njia anayoipigia debe mwandishi, lingetua papo hapo kwenye kompyuta za watu. Debian ilikuwa bado inalijaribu. Katika majaribio hayo, mhandisi Andres Freund aliona kuingia kwenye kompyuta ya mbali kwa SSH kunachelewa kama nusu sekunde, akachimba mpaka akaufichua uovu. Toleo thabiti la Debian, linalotumiwa na watu wa kawaida, halikuguswa.

Msimamizi huyo mhalifu alipenyaje? Kwa miaka xz ilitunzwa na mtu mmoja aliyeelemewa, naye akamkubali mhalifu kama msaidizi. Kidole kimoja hakivunji chawa: ili wafungashaji nao wasielemewe hivyo, waongezwe, wafanye kazi kwa timu, na kila rekebisho lirudishwe kwa mtunzi alikague.