Mmebadilisha nini? Blow by Blow na ujanja wa neno "rimasta"

Leo siandiki kuhusu hifadhidata wala seva. Leo nina ugomvi na kampuni za kurekodi muziki, na nitapigana nao kwa silaha ninayoijua: desturi za sisi tunaoandika programu za tarakilishi.

Tuchukue albamu moja tu, maana ukishika moja umeshika zote. Inaitwa Blow by Blow, ya mpiga gitaa Mwingereza Jeff Beck. Ilirekodiwa London mwaka wa 1974 katika studio za AIR, ikatolewa na Epic mwaka wa 1975. Prodyusa alikuwa George Martin, yule yule wa Beatles. Max Middleton alikuwa kwenye kinanda, Phil Chen kwenye gitaa la besi, Richard Bailey kwenye ngoma. Nyimbo ni tisa, jazi iliyooana na roki, na hakuna mwimbaji. Hata hivyo ilipanda hadi nambari 4 kwenye chati ya albamu ya Billboard kule Marekani. Gitaa tupu, nambari 4! Si mchezo.

Sasa hesabu nami matoleo yake:

1. Santuri ya kwanza ya stirio, 1975.
2. Santuri ya spika nne, iliyotoka miaka hiyo hiyo ya sabini kwa mfumo wa SQ. Mfumo huo ulibuniwa na CBS, wenye Epic, ili kubana njia nne za sauti ndani ya njia mbili.
3. Sidii za kwanza. Katika kipindi hicho, mwaka wa 1988, Sony waliinunua CBS Records.
4. Sidii ya 2001, yenye neno "rimasta".
5. SACD ya Analogue Productions, iliyofufua ule mchanganyiko wa spika nne.
6. Santuri mpya za watu wanaopenda vitu vizito mkononi, na matoleo ya Japani yasiyokwisha.
7. Faili za kutiririsha kwenye intaneti.

Nielewe vizuri. Sina ugomvi na wingi wa matoleo. Kernel ya Linux imekuwa ikitolewa upya tangu 1991 na hakuna anayelalamika. Lakini kila toleo la programu inayojiheshimu huja na vitu viwili: nambari ya toleo na orodha ya mabadiliko. Tumerekebisha hili, tumeondoa lile, fulani ndiye aliyefanya. Ukitaka kubaki na toleo la zamani, baki nalo. Ukitaka kulinganisha, linganisha mstari kwa mstari.

Mwanaprogramu akimletea mteja faili mpya iliyoandikwa "imeboreshwa" tu, bila neno lingine, atafukuzwa kabla ya chai ya saa nne. Kampuni ya muziki ikifanya hivyo hivyo, watu wanapanga foleni na pesa mkononi. Huku ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia, tena mbuzi yule yule, mara ya tano.

"Rimasta" ni neno lisilo na mipaka. Linaweza kumaanisha kwamba fundi alirudi kwenye kanda ya mwanzo kabisa, akaicheza kwa mashine nzuri, asiguse chochote. Linaweza kumaanisha kwamba alichukua nakala ya nakala, akaongeza besi, akakata mvumo na kupandisha sauti yote juu. Kazi hizi mbili ziko mbali kama Lamu na Turkana, lakini jaladani zinapewa neno moja. Mara nyingi jina la fundi utalikuta. Alichokifanya hukikuti.

Kuna atakayesema, "Wewe sikiliza muziki, achana na mambo ya mafundi." Hapana. Kwenye albamu hii mambo ya mafundi ndiyo muziki wenyewe. Sikiliza Cause We've Ended as Lovers, wimbo ambao Stevie Wonder alimpa Beck. Gitaa linaanza kwa kunong'ona: Beck anakipiga kila kino huku sauti imefungwa, kisha anaifungua taratibu kwa kitufe cha gitaa, ndiyo maana linasikika kama mtu anayejizuia kulia. Baadaye linapaza. Ule umbali kati ya mnong'ono na ukelele ndio mashairi ya wimbo, kwa kuwa mashairi mengine hakuna. Ukibana sauti ili kilicho chini kipande na kilicho juu kisizidi, umefuta maneno ya mwandishi. Hakuna mchapishaji ambaye angethubutu kugusa mashairi ya Muyaka kisha aandike kwenye jalada "yameboreshwa".

Na ubanaji huo si hadithi ya kutunga. Sidii hutumia biti 16, zinazoipa nafasi ya desibeli 96 hivi kati ya kilicho kimya kabisa na kilicho juu kabisa. Ni nafasi kubwa ajabu. Kuanzia miaka ya tisini kampuni zilishindana kusongamana kwenye desibeli chache za juu, kwa imani kwamba anayepiga kelele zaidi ndiye anayeuza. Mwaka wa 2008 mashabiki wa Metallica waligundua kwamba nyimbo za Death Magnetic zilisikika vizuri zaidi ndani ya mchezo wa Guitar Hero kuliko kwenye sidii, kwa sababu zile za mchezo hazikuwa zimebanwa vile. Maelfu wakatia sahihi kudai albamu ichanganywe upya.

Siku hizi hata kisingizio hicho kimekufa. Spotify kwa kawaida huvuta kila wimbo hadi kiwango kimoja, LUFS 14 chini ya sufuri. Ukileta kelele, inashushwa. Unabaki na ubanaji bila faida yoyote.

Unataka kujua toleo jipya lina tofauti gani na la zamani? Usingoje waraka. Chukua Audacity, programu huria isiyolipiwa. Weka faili mbili za wimbo mmoja, zipange zianze pamoja hadi sampuli ya mwisho, zisawazishe kwa sauti, kisha igeuze moja juu chini na uzichanganye. Zikiwa sawa kabisa, utapata kimya. Zikitofautiana, kinachobaki ndicho walichobadilisha. Tunafanya hivi kila siku kwa msimbo. Lakini kwa nini mnunuzi ndiye afanye uchunguzi, ilhali muuzaji ana majibu kwenye daftari lake?

Na asiniambie mtu kwamba hakuna madhara. Mwaka wa 2022 ilifichuka kwamba Mobile Fidelity, kampuni ya Marekani iliyojijengea jina kwa santuri za bei ghali, ilikuwa ikitumia hatua ya kidijitali katika kuzitengeneza, wakati wanunuzi waliamini sauti inatoka kwenye kanda moja kwa moja. Kesi ikafunguliwa, ikaishia kwa makubaliano ya fidia. Wengi walikuwa wamezisifu santuri hizo kwa miaka bila kugundua lolote, na hapo ndipo watetezi wao wakacheka: kumbe zilisikika vizuri! Bila shaka zilisikika vizuri. Hatua ya kidijitali si dhambi. Dhambi ni kuficha. Mstari mmoja wa maelezo ungeiokoa kampuni na aibu yote ile. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.

Nakubali pia kwamba zipo sababu njema za kurudia kazi. Kanda nyingi za miaka ya sabini na themanini zina ugonjwa wa gundi: inanyonya unyevu, kanda inanata, na fundi hulazimika kuioka kwa joto la chini ndipo aweze kuicheza. Anayefanya kazi hiyo anastahili pesa yangu. Basi aandike! "Kanda imeokwa, imechezwa mara moja, imenakiliwa hivi." Kizuri chajiuza, asiye na la kuficha anaogopa nini?

George Martin alisimulia kwamba muda fulani baada ya kazi kwisha, Beck alimpigia simu akitaka kurudi studio arekebishe solo moja. Martin akamjulisha kwamba santuri tayari iko madukani. Ona hapo: mwenye mkono wake, mwenye gitaa lake, alinyimwa toleo la 1.1 kwa sababu kazi ilikuwa imefungwa. Leo mtu ambaye hakuwepo studioni anaweza kuifungua apendavyo, na kwenye huduma za kutiririsha faili mpya inaweza kukalia kiti cha ile ya zamani usiku mmoja bila hodi. Jina ni lile lile, picha ya jalada ni ile ile. Ile namba ya ISRC, herufi na tarakimu 12, inatambulisha rekodi, lakini haisemi nani alifanya nini.

Martin alifariki 2016. Phil Chen akafuata 2021. Beck mwenyewe aliondoka tarehe 10 Januari 2023. Waliokuwa chumbani wanazidi kupungua, na mwenye gitaa hayupo tena wa kusema "hapana, mimi sikupiga hivyo". Kilichobaki ni kanda na maandishi. Kanda zina wenyewe. Maandishi tudai sisi.

Madai yangu ni manne, na hakuna hata moja linalohitaji teknolojia mpya:

- Semeni chanzo: kanda ya mwanzo, nakala, au faili ya zamani.
- Semeni mlichogusa: besi, mvumo, ubanaji, kasi.
- Wekeni nambari ya toleo, na isomeke kwenye programu za kutiririsha.
- Msifute la zamani. Liacheni kando ya jipya, msikilizaji achague.

Mpaka siku hiyo, mkiniletea Blow by Blow nyingine yenye stika inayong'aa, nitauliza swali lile lile ninalomuuliza mwanafunzi wangu wa kazi anapoleta msimbo bila maelezo: umebadilisha nini, na kwa nini? Asipojibu, haingii kwenye mfumo.