Mfua Nguo Naye Afundishwe

Wandugu, tumesikia tena maneno haya: "Mafundisho juu ya damu na sindano ni ya waganga. Mfua nguo na mfagiaji wapewe sabuni, waende kazini." Wenye kusema hivyo si watu wabaya, pengine wanahesabu feza tu. Lakini sisi tunakataa.

Tukumbuke Yambuku, misioni ya hapa kwetu Congo, mwaka wa 1976. Hospitali ile ilikuwa na vitanda 120. Kila asubuhi wauguzi walipewa bomba tano tu za sindano kwa kutunza wagonjwa wa nje. Akitoka mgonjwa mmoja, sindano ilisuuzwa katika maji ya moto kidogo, kisha akachomwa mwingine. Ndipo Ebola ilipoingia. Watu 318 waliugua, 280 wakafa. Kati ya watumishi 17 wa hospitali walikufa 11. Masista nao walikufa. Nani atathubutu kusema walikosa mapendo? Mapendo walikuwa nayo tele! Lakini mapendo hayachemshi sindano.

Basi, tuifuate sindano moja ya leo. Muuguzi akiisha kuitumia na kuiacha ovyo, inajificha katika shuka. Nani anakunja shuka ile? Mfua nguo. Nani anabeba ndoo ya taka? Mfagiaji. Sindano yenye damu ya mgonjwa wa homa ya ini B yaweza kumwambukiza asiyechanjwa hata mara 30 katika 100; ile ya mgonjwa wa Sida, kama mara 3 katika 1000. Na chanjo ya homa ile iko! Mbona wanachanjwa wenye koti jeupe peke yao?

Mafundisho yenyewe yanamalizika asubuhi moja. Sindano isifunikwe tena kwa mkono. Itiwe palepale katika sanduku gumu, nalo lifungwe likijaa robo tatu. Aliyechomwa aoshe jeraha kwa maji na sabuni, asilikamue, akaseme siku ileile, kwani dawa ya kuzuia Sida yapaswa kuanzwa kabla ya saa 72 kupita. Wengi wananyamaza kwa kuogopa kufukuzwa. Kosa hilo si lao, ni la wakubwa wanaotisha.

Tunawaomba wenye kuongoza hospitali na vituo vya afya wafungue daftari ya mafundisho mbele yetu. Majina ya mfua nguo, mfagiaji na mchoma taka yameandikwa ukurasa gani?