Mtindio wa Ubongo si Uchawi

Wapo wasomi wetu ambao wakimwona mtoto wa Usoke aliyekakamaa viungo hunong'ona kwamba amerogwa. Hiyo ni kasumba. Mtindio wa ubongo hutokana na ubongo kudhurika mtoto angali tumboni, au akikosa hewa wakati wa kuzaliwa, au baadaye kwa umanjano mkali wa uchangani, homa ya uti wa mgongo au malaria iliyopanda kichwani. Hauponi, lakini mazoezi ya viungo yakianza mapema humsaidia, na kifafa kinachowaandama wengi wao kina dawa. Mganga humla mzazi mbuzi tu. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa mtoto huyu haki ya kusoma. Mwalimu anayemwandikisha kaka mtu, huku mdogo amefungiwa chumbani, anamngoja nani akamtoe?