Fundi wa Bunduki Nyumbani na Hukumu ya Wasomi

Mwaka jana mwanafunzi mmoja alileta mbele ya baraza la walimu wake ombi la kuandika insha juu ya wale watu wa Marekani ambao huunda bunduki nyumbani kwao, kwa mashine ndogo za kukereza, si kwa biashara bali kwa mapenzi ya kazi. Ombi lilikataliwa kabla chai haijapoa. Mmoja alisema jambo lenyewe ni uhuni. Wa pili alisema ni mchezo wa watu wenye fedha. Wa tatu, ambaye nilitumaini kwake zaidi, alisema kwamba habari za tupa na jiriwa hazina mahali katika nyumba ya elimu. Nilikuwamo barazani, nami nilinyamaza. Makala haya ni deni la ukimya ule.

Msomaji asidhani kwamba natamani kila nyumba iwe na bunduki. La, hasha. Nisichokubali ni hukumu iliyotolewa bila ya mashtaka kusomwa. Maana hakuna hata mmoja wetu siku ile aliyeuliza mtu huyo hufanya nini hasa katika banda lake.

Haya basi, tutazame. Mtu huyu kwa kawaida ana riziki nyingine: pengine ni mwalimu, pengine fundi wa kiwandani, pengine mzee aliyestaafu. Nyuma ya nyumba, pale ambapo jirani yake huweka motokaa, yeye ameweka mashine kuukuu ya kukereza, keekee, jiriwa na rafu ya vipimo. Kasiba, mara nyingi, huinunua ikiwa imekwisha tobolewa na kuchongwa ndani ile mifereji izungukayo ambayo huifanya risasi ipae huku ikijisokota, maana kazi hiyo yataka mitambo ambayo ni wachache walio nayo. Lakini kasiba hiyo bado si bunduki. Sharti ikerezwe, itiwe hesi za kuungia, ichongewe chemba ya kupokea risasi, na yote hayo yafuate mhimili mmoja na tundu la ndani. Hapo ndipo usiku huliwa. Fundi huifunga kasiba katika mashine, akaweka kipimo cha mshale, akaizungusha polepole kwa mkono, akautazama mshale unavyotikisika. Akalegeza parafujo moja, akakaza nyingine, akaanza tena. Kosa analovumilia ni sehemu moja ya elfu ya inchi, au chini ya hapo. Unywele wa binadamu kwa kawaida una unene wa sehemu mbili hadi nne za namna hiyo.

Kisha huja nafasi baina ya kitako cha risasi na kizibo cha nyuma. Ikizidi, ganda la risasi laweza kupasuka karibu na uso wa mpigaji. Kwa hiyo mafundi wanavyo vipimo viwili vya chuma kigumu: kimoja sharti kikubali kufungiwa ndani, cha pili sharti kikatae. Hakuna hoja ya kuvishawishi vipimo hivyo. Mwisho wa kazi, bunduki huwekwa juu ya meza imara uwanjani, hupigwa risasi tano katika karatasi moja, na umbali baina ya matundu yaliyo mbalimbali kabisa hupimwa. Karatasi haimjui mtu, wala haijali cheo chake. Ni wangapi kati yetu wapelekao maandishi yao mbele ya kadhi wa namna hiyo?

Mwenzangu wa tatu atasema: hiyo ni kazi ya mikono, nami nazungumza elimu. Hapa ndipo ninapotaka kumshika, kwa sababu historia ya elimu anayoiheshimu imepita katika tundu la kasiba. James Watt alikuwa na fikira ya injini yake ya mvuke kwa miaka kadhaa, asiweze kupata silinda iliyo duara ya kweli. Mvuke ulivuja kila upande. Aliyemwokoa ni John Wilkinson, mtu wa kufua chuma, ambaye mwaka 1774 alipata hataza ya mashine ya kutobolea mizinga. Mwaka 1776 mshirika wa Watt aliandika kwamba silinda ya inchi 50 iliyotoka kwa Wilkinson haikukosea kwa unene wa shilingi kuukuu mahali popote. Henry Maudslay, ambaye mashine yake ya kukerezea hesi ya mnamo mwaka 1800 ni nyanya wa mashine zote za leo, alianza kazi akiwa mtoto wa miaka 12 katika ghala ya silaha ya Woolwich, akijaza risasi baruti. Mwanafunzi wake wa kazi, Joseph Whitworth, ndiye aliyewafundisha Waingereza kukubaliana juu ya hesi za aina moja, mwaka 1841. Naye ndiye aliyeunda bunduki ya tundu lenye pembe sita, ambayo katika majaribio ya mwaka 1857 iliishinda bunduki ya serikali ya Enfield. Serikali haikuichukua. Ilikuwa ghali, na ilichafuka upesi.

Lakini mfano nilio na haja nao zaidi ni wa Eli Whitney. Mwaka 1798 Whitney alijifunga kwa mkataba kuiuzia serikali ya Marekani bunduki 10,000 katika muda wa miaka miwili hivi. Mwaka 1801 aliwaonyesha wakubwa wa Marekani, Jefferson akiwa miongoni mwao, vipande vya mitambo ya kufyatulia, na kwamba kipande chochote kingeweza kuingia katika bunduki yoyote. Bunduki za mwisho za mkataba zilitoka mwaka 1809. Baada ya hapo, kwa zaidi ya karne nzima, vitabu vilimsifu Whitney kuwa baba wa viwanda vya sehemu zinazobadilishana. Mwandishi alinakili kwa mwandishi, na mwalimu akasomesha alichosoma. Bunduki zenyewe zilikuwa zimekaa katika majumba ya makumbusho, zaweza kushikwa na kufunguliwa. Ilipofika miaka ya 1960, watafiti wenye mkono wa kazi walizifungua. Waliona kwamba sehemu zake hazibadilishani kama ilivyodaiwa, na kwamba nyingine zilikuwa zimetiwa alama kuonyesha ni za bunduki ipi. Na ya nini alama hiyo, ikiwa kila kipande chaingia popote? Sehemu zilizobadilishana kweli zilikuja katika miaka ya 1820, kwa kazi ya John Hall huko Harpers Ferry. Jambo hili halikuhitaji hati mpya kugunduliwa katika maktaba. Lilihitaji mtu ajuaye alama ya tupa. Karne nzima ya wasomi ilikosa mtu huyo, na sisi barazani tulikuwa tunakaribia kumpata mmoja, tukamfukuza.

Sasa niseme lile ambalo watetezi wa mafundi hawa hawapendi kulisema. Bunduki si saa wala si garimoshi dogo la kuchezea. Uingereza wako watu, wenye gazeti lao tangu mwaka 1898, ambao hutumia mashine zilezile na uvumilivu uleule kuunda injini ndogo za mvuke, na hakuna mama aliyezika mwanawe kwa sababu ya injini hizo. Marekani, mwaka 2023, watu zaidi ya 46,000 walikufa kwa bunduki, na zaidi ya nusu yao walijiua wenyewe. Fundi wa banda akisema kwamba yeye siye aliyeunda silaha hizo, yumkini asema kweli, kwa kuwa nyingi hutoka viwandani. Hata hivyo chombo chake ni cha jamii hiyo, na kufuli la sanduku lake ni sehemu ya ufundi wake sawasawa na kipimo cha mshale.

Anapoulizwa, lakini, hujibu kwa neno haki. Hili ndilo kosa lake kubwa, na ndilo lililowarahisishia wenzangu hukumu. Ni kweli kwamba sheria ya nchi nzima ya mwaka 1968 haimdai leseni mtu aliyeruhusiwa kuwa na silaha, akijiundia bunduki ya kawaida kwa matumizi yake asiyokusudia kuiuza, ingawa majimbo mengine, kama California, yametia masharti ya namba. Lakini neno haki halimtofautishi fundi na mtu mwingine yeyote. Mwaka 2013 ilitolewa michoro ya bastola ya plastiki ya kuchapwa kwa mashine; baadaye zikaenea seti za vipande vilivyobakiza kazi kidogo tu, hata serikali ikatoa kanuni juu yake mwaka 2022, na Mahakama Kuu ya nchi ikaikubali kanuni hiyo mwaka 2025. Yule aliyenunua seti naye hulia haki. Mmoja amejifunza miaka kumi. Wa pili amefungua sanduku. Watetezi wamewaweka chini ya bendera moja, na wahukumu wamewatia katika kapu moja, na pande zote mbili zimeepa kuitazama kazi.

Nami nakumbuka jambo jingine linalotuhusu sisi. Mwanafunzi yule angaliomba kuandika juu ya mhunzi wa kijijini aundaye gobori kwa bomba na moto wa makaa, sina shaka tungalimpa ruhusa, tukaiita kazi yake utamaduni, na pengine tukampa nauli. Ilhali mhunzi huyo, kwa sheria ya silaha ya Tanzania ya mwaka 2015, akiunda bila leseni ni mkosaji mkubwa kuliko Mmarekani yule nchini kwake. Kwa hiyo haikuwa sheria iliyotusumbua, wala si damu. Ni mashine. Tupa ya babu twaiweza, kwa kuwa tumekwisha iweka mbali nasi; maikromita yatutia haya, kwa kuwa hatujui kuisoma.

Katika ombi la mwanafunzi, ukurasa wa pili, yalikuwamo maneno kasiba, hesi, keekee, jiriwa, feleji na kukereza, kila moja mahali pake. Mwenyekiti aliuliza hesi ni nini. Mwanafunzi alianza kueleza, akichora mviringo hewani kwa kidole, akakatizwa kwa kuwa muda ulikuwa umekwisha. Ombi hilo ninalo mezani kwangu. Baraza litakutana tena mwezi ujao, nami nimeandika kwa katibu kwamba lirudishwe katika orodha ya mazungumzo, na kwamba safari hii aachiwe amalize kuchora.