Trekta la mtumba lipimwe injini kabla ya fedha kutoka

KILA msimu wa kilimo unapokaribia, biashara ya matrekta yaliyotumika huchangamka. Wakulima wa mahindi na alizeti katika maeneo kama Kongwa na Kiteto hukusanya akiba zao, wengine huchukua mikopo, kisha hununua trekta ambalo limeshalima mashamba ya watu wengine kwa miaka mingi.

Hakuna ubaya katika hilo. Bei ya trekta jipya iko juu ya uwezo wa wakulima wengi, na umri pekee si ugonjwa. Massey Ferguson 135 la dizeli, lenye injini ya Perkins ya silinda tatu, lilianza kutengenezwa mwaka 1964, na hadi leo yapo yanayolima. Injini yake ikichoka hufunguliwa, ikabadilishwa pistoni na ringi, ikarudi kazini.

Tatizo ni namna matrekta hayo yanavyonunuliwa. Mnunuzi huangalia rangi, matairi na bei, husikiliza injini ikinguruma kwa dakika tano, kisha hulipa. Huko ndiko kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Hasara yake haiishii kwenye spea. Tuseme trekta linalima ekari sita kwa siku kwa Sh50,000 kila ekari. Likisimama siku 14 katikati ya msimu, mapato ya Sh4.2 milioni yamepotea kabla fundi hajalipwa hata shilingi moja. Mvua haimsubiri fundi. Shamba la mwenye trekta nalo litapandwa kwa kuchelewa, huku rejesho la mkopo likiwa palepale.

Kinachosikitisha ni kwamba magonjwa mengi makubwa ya injini ya dizeli hujionyesha mapema kwa anayejua pa kutazama. Injini hii haina plagi za kutoa cheche kama ya petroli. Pistoni husindilia hewa hadi ikapata moto mkali, na dizeli inayonyunyizwa na nozeli huwaka yenyewe. Kwa hiyo inahitaji mambo matatu: hewa ya kutosha, dizeli safi inayofika kwa wakati, na kompresheni, yaani nguvu ya kuisindilia hewa hiyo.

Kipimo cha kwanza ni kuiwasha ikiwa baridi. Injini yenye kompresheni hafifu huwaka kwa tabu asubuhi, lakini ikishapata moto huficha udhaifu wake. Ndiyo maana muuzaji mjanja huliwasha trekta kabla mteja hajafika. Mnunuzi aiguse injini kwanza, na akikuta ina joto, aombe kurudi kesho yake alfajiri.

Kabla haijawashwa, avute kijiti cha kupimia oili. Oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa imeingia maji. Oili iliyopita alama na kunuka dizeli inaonyesha kwamba mafuta yanavuja kuingia ndani ya injini. Kifuniko cha rejeta nacho kifunguliwe wakati huo huo, injini ikiwa bado baridi. Ikishawashwa na mapovu yakaendelea kutoka kwenye maji, gasketi ya silinda hedi au hedi yenyewe ina walakini.

Kisha moshi. Moshi wa bluu ni oili inayoungua, na mara nyingi ringi zimekwisha. Moshi mweupe usiokoma hata injini ikishapata moto ni dizeli isiyoungua au maji yanayoingia kwenye silinda. Injini ikiwa inaunguruma, kifuniko cha kujazia oili kifunguliwe. Moshi ukitoka pale kwa kusukumwa, gesi inapenya kwenye ringi, na hiyo ni kazi ya kufungua injini nzima.

Mwisho, trekta lifungwe jembe na kulima walau nusu saa. Injini nyingi mbovu huonekana nzima hadi zinapobebeshwa kazi.

Kupima huku hakumkomoi muuzaji. Kunatenganisha ubovu wa gharama ndogo na ule wa gharama kubwa. Moshi mweusi, kwa mfano, unamaanisha kwamba dizeli imezidi hewa. Huenda nozeli ni mbovu, lakini pia huenda ni chujio la hewa lililojaa vumbi. Vivyo hivyo, trekta linalokosa nguvu au kuzimika likilima linaweza kuwa na chujio la dizeli lililoziba, tundu la hewa la tangi lililoziba, au upepo ulioingia kwenye njia ya mafuta. Mambo hayo hurekebishwa kwa siku moja. Mnunuzi asiyepima anaweza kuliacha trekta zuri kwa sababu ya chujio, akanunua lenye ringi zilizokwisha kwa sababu limepakwa rangi mpya.

Lipo pia jukumu la wanaotoa fedha. Benki na vyama vya akiba na mikopo hudai kadi ya usajili na dhamana, lakini dhamana ya kweli ya rejesho ni injini inayolima. Ni vyema taarifa ya fundi, inayotaja vipimo hivi kimoja kimoja, iwe sharti la mkopo wa trekta lililotumika. Fundi huyo achaguliwe na mnunuzi au mkopeshaji, asiwe wa muuzaji. Mafundi waliosomea mitambo katika vyuo vya VETA wapo, na maofisa zana wa halmashauri wangeweza kuandaa karatasi moja ya Kiswahili ya ukaguzi ambayo kila kikundi kingeitumia.

Wapo watakaosema fundi ni gharama ya ziada na kwamba wauzaji watakataa. Lakini ujira wa fundi wa siku moja haulingani na ujira wa siku 14 za trekta kusimama. Na muuzaji anayekataa trekta lake liwashwe likiwa baridi ameshamjibu mnunuzi. Kilichobaki ni mnunuzi kubaki na fedha zake na kutafuta lingine.